Nani Anashika Taa? Historia ya Projekta toka Mshumaa mpaka Sola, na Laki Nne na Nusu za Kikundi Chetu

Kwa wiki tatu sasa kikundi chetu kinabishana juu ya kitu kimoja tu, projekta. Ile tuliyorithi kwa kaka zetu imechoka. Picha imekuwa ya njano, watoto wa mbele ndo wanaona, wa nyuma wanasikiliza tu kama redio. Tuko na shilingi 450,000 tulizozipata mwaka mzima kwa kutengeneza sabuni na kunyoa nywele. Wengine wanasema tununue mashine mpya. Wengine wanasema tubadilishe balbu. Na katika kikao cha mwisho mama mmoja alisimama akasema: "Wanangu, kuna watu hawana sabuni ya kuogea, ninyi mnataka kununua sinema?" Hakuna aliyecheka, maana swali lake ni la haki.

Kura ni Jumamosi. Kabla ya kupiga kura tumeona tufanye kile tunachofanya siku zote kwenye ukurasa huu, turudi nyuma kwenye historia. Mtu akijua kitu kilitoka wapi, nani alikileta na alikileta kwa sababu gani, hawezi kudanganywa kirahisi dukani, na hata kikaoni hadanganyiki.

Mshumaa, kioo na lenzi

Projekta ya kwanza tunayoweza kuitaja kwa uhakika ni ya mwaka 1659. Mwanasayansi Mholanzi Christiaan Huygens, yule yule aliyetengeneza saa ya pendulo, alichora na kutengeneza sanduku lenye taa ndani. Mbele ya taa aliweka kipande cha kioo chenye picha iliyochorwa kwa mkono, na mbele ya kioo akaweka lenzi. Mwanga ukapita kwenye picha, lenzi ikaikuza, na picha ikatua ukutani ikiwa kubwa kuliko mtu. Ulaya waliiita taa ya uchawi.

Shika vitu hivi vitatu: taa, picha, lenzi. Toka 1659 mpaka leo projekta bado ni vitu hivyo vitatu. Projekta ya ofisini, ya jumba la sinema na hiyo ndogo inayouzwa mtandaoni zote ni sanduku la Huygens. Picha ilibadilika, ikatoka kwenye mchoro ikawa mkanda wa filamu, kisha namba za kompyuta. Lenzi ikawa bora. Lakini taa ndiyo iliyosumbua watu kwa zaidi ya miaka 300, na hata sisi leo kinachotusumbua ni taa.

Mshumaa haukutosha, na taa ya mafuta nayo haikutosha. Katika karne ya 19 watu wakaanza kuchoma gesi ya oksijeni na haidrojeni juu ya kipande cha chokaa mpaka chokaa inang'aa kweupe. Mwanga ukawa mkali, lakini hatari nayo ikaongezeka. Baadaye ikaja taa ya umeme ya vijiti viwili vya kaboni, ambayo inatoa cheche kali katikati na inahitaji mtu wa kuilinda muda wote.

Tarehe 28 Desemba 1895, ndugu wawili Wafaransa, Auguste na Louis Lumière, walionyesha picha zinazotembea kwenye chumba cha chini cha mkahawa mmoja mjini Paris. Watu 33 walilipa faranga moja moja. Mashine yao ilikuwa na akili sana: ilikuwa kamera, ikawa ya kusafishia filamu, na ukiweka taa nyuma yake inakuwa projekta. Mashine moja, kazi tatu, nyepesi kubeba. Ndiyo maana ilienea haraka duniani kupita za wapinzani wao waliokuwa na mashine nzito.

Lakini hata miaka miwili haikupita. Tarehe 4 Mei 1897, hapo hapo Paris, kwenye mnada wa hisani, taa ya projekta iliyokuwa inatumia etha ilisababisha moto. Jengo lilikuwa la mbao, juu limefunikwa kwa kitambaa. Zaidi ya watu 120 walikufa. Tunaandika hili kwa makusudi. Sisi tunaoishi chini ya turubai na nyasi hatuhitaji kuelezwa mara mbili moto ni nini. Mtu akituambia tufunge nyaya bila mpangilio ili mradi filamu ianze, akumbuke Paris ya 1897.

Taa inaingia Afrika

Wengi wetu jina la David Livingstone tunalijua kwa sababu ya Ujiji, hapa hapa Kigoma. Wachache wanajua kwamba katika safari zake za miaka ya 1850 alitembea na taa ya uchawi. Ameandika mwenyewe alivyoionyesha kwa mtawala Shinte wa Walunda, upande wa Zambia na Angola ya leo. Picha ya kwanza ilikuwa ya Ibrahimu ameinua kisu juu ya mwanawe Isaka. Wamama walikuwa wamekaa kimya wanasikiliza. Livingstone alipoanza kuvuta kile kioo ili aweke kingine, picha ikasogea, na kisu kikaonekana kinakuja upande wao. Walipiga kelele wakamwita mama, wakakimbia ovyo huku wakianguka mmoja juu ya mwingine.

Wanaosimulia habari hii mara nyingi wanaishia hapo ili watu wacheke. Lakini habari ina mwisho wake. Shinte hakukimbia. Alikaa mpaka mwisho wa maonyesho, halafu akaenda kuikagua ile mashine kwa makini. Livingstone mwenyewe ameliandika hilo. Sisi kwenye kikundi tumependa sana huyu mzee. Mgeni alikuja kuonyesha picha, yeye akataka kujua picha inatoka wapi. Hilo ndilo tunalowaomba ninyi wote mfanye mkiona projekta yoyote inauzwa: msiangalie ukutani tu, angalieni sanduku.

Lori la Vugiri

Sasa tusogee mpaka 1935. Vugiri, kwenye milima ya Usambara, Tanganyika, kulianzishwa mradi wa kutengeneza filamu za elimu kwa Waafrika. Uliongozwa na Meja L. A. Notcutt na G. C. Latham, na pesa nyingi zilitoka kwa shirika la Carnegie la Marekani. Mpaka 1937 walikuwa wametengeneza filamu kama 35, za kilimo, afya, minyoo, malaria ya watoto, kuweka akiba posta. Waliigiza Waafrika wenyewe. Halafu lori likapakiwa projekta, spika na mashine ya umeme, likazunguka Tanganyika, Kenya, Uganda, Nyasaland na Rhodesia ya Kaskazini.

Kwa mtu anayetafuta kuboresha projekta kwa pesa kidogo, Vugiri ni darasa zuri. Majumba ya sinema ya mjini yalitumia filamu pana ya milimita 35, ambayo wakati ule ilikuwa inawaka moto kirahisi kama petroli. Wao walichagua filamu nyembamba ya milimita 16, ambayo Kodak ilikuwa imeitoa mwaka 1923. Ilikuwa ya bei ndogo, nyepesi kubeba na haikulipuka. Sauti hawakuiweka kwenye filamu, waliiweka kwenye sahani ya santuri pembeni. Kwa njia hiyo filamu moja iliweza kuonyeshwa kwa lugha nyingi, ukibadilisha sahani tu. Yaani walikubali picha isiyo bora kama ya mjini ili waweze kufika mbali na kusikika. Hesabu yao haikuwa mbaya.

Kosa la mradi ule liko kwingine. Waliochagua somo ni wao, na waliosema Mwafrika afundishwe nini ni wao. Watazamaji walikuwa kama shamba la kupanda mbegu. Na pesa za Carnegie zilipoisha, serikali za kikoloni hazikukubali kuuendeleza. Taa ilizimwa na wale wale walioiwasha, na waliokuwa wamekaa chini kuangalia hawakuwa na neno.

Mwaka 1939 London ikaanzisha kitengo chake cha filamu za makoloni, na magari ya sinema yakaanza tena kuzunguka. Mmoja wa wakubwa wake, William Sellers, aliamini kwamba Mwafrika hawezi kuelewa filamu ya kawaida, kwa hiyo lazima atengenezewe filamu ya polepole, picha moja moja, bila ufundi mwingi. Kwa ndugu zetu Wakongomani hali ilifanana: Mbelgiji ndiye aliamua filamu ipi mweusi aone na ipi asione, na mapadri wakatengeneza zao. Wazee wa Kasai wanawakumbuka Matamata na Pilipili, wachekeshaji wawili wa filamu za padri Albert Van Haelst za miaka ya 1950. Watu walicheka sana, ni kweli. Lakini aliyeshika taa ni yule yule.

Kanda, kibanda umiza na sauti yetu

Jamani, theoria ya Sellers haikuuawa na profesa. Iliuawa na watu wa kawaida waliolipa kiingilio. Mijini kwetu, kuanzia Unguja, Dar es Salaam na Mombasa, watu walijaza majumba ya sinema kuangalia filamu za Kihindi, za Misri, za Marekani, baadaye za kungfu. Hakuna aliyewapunguzia mwendo wa picha, na walielewa.

Halafu zikaja kanda za video, na kibanda umiza kikafika mpaka vijijini: televisheni moja, benchi, genereta nyuma ya ukuta. Wengi hatukuelewa Kiingereza cha akina Rambo. Basi wakatokea watafsiri. Tanzania alikuwepo Lufufu, aliyeingiza sauti yake ya Kiswahili juu ya filamu za nje, akatafsiri, akaongeza utani wake na methali. Kenya yuko DJ Afro. Uganda wako wengi, wanaitwa VJ, na wanatafsiri kwa Kiganda. Angalia jambo hili: lori la Vugiri lilikuwa na santuri ya kubadilisha lugha, lakini aliyeamua maneno alikuwa bosi. Lufufu alipokaa na kipaza sauti, maneno yakawa yetu. Hakununua projekta kubwa. Aliboresha sehemu ya mashine ambayo wengine hawakuihesabu, sauti.

Kwa hiyo kwenye hesabu zetu za Jumamosi msiisahau spika.

Picha kambini

Mwaka 1999, vita vya Kosovo vilipowaleta wakimbizi Macedonia, Mmarekani aitwaye Caroline Baron, mtengeneza filamu, alianzisha shirika la FilmAid ili watu waliokaa kwenye mahema bila la kufanya waonyeshwe filamu. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 walifika Kakuma, na hapa mkoani kwetu walionyesha kwenye kambi za Kibondo. Lori, kitambaa kikubwa, giza, maelfu ya watu wamekaa chini. Kaka zetu wa Burundi waliokulia kule wanazikumbuka jioni zile. Kakuma walikwenda mbele zaidi, vijana wenyewe wakafundishwa kushika kamera na kutengeneza filamu zao.

Tunataka wafanyakazi wa mashirika wasome hapa kwa utulivu. Miradi ina mwanzo na ina mwisho wa bajeti, na hatuwalaumu kwa hilo. Tunachosema ni kwamba toka Vugiri mpaka leo kuna mfano mmoja unajirudia: mradi ukiondoka, lori linaondoka nalo. Kinachobaki ni kile watu walichojifunza kukitengeneza wenyewe. Projekta yetu ya zamani ilibaki kwa sababu kaka mmoja alijua kuifungua na kuipangusa vumbi. Mashine nyingine mbili zilizoletwa kambini kipindi kile zilikufa kabatini, moja ikiwa na kasoro ya fyuzi tu.

Mashine ya leo iko vipi ndani

Watu wa nyumbani, wale wenye sebule kubwa, walianza kupata projekta ya televisheni mwaka 1972, Mmarekani Henry Kloss alipotoa mashine yake ya VideoBeam yenye skrini ya karibu mita mbili. Ilikuwa na mirija mitatu, mwekundu, kijani na bluu, na ilikuwa kubwa kama kabati. Ilikuwa ya tajiri.

Bei ilishuka kwa sababu ya vitu vitatu. Cha kwanza ni LCD, vile vioo vidogo vya maji-fuwele kama vya saa ya mkononi. Epson walitoa projekta yao ya kwanza ya aina hiyo mwaka 1989. Cha pili ni vioo vya kuakisi. Mwaka 1987 Larry Hornbeck, akiwa kampuni ya Texas Instruments, alitengeneza chipu yenye vioo vidogo sana visivyoonekana kwa macho, kila kimoja kinapinduka kupeleka mwanga au kuuzuia. Hiyo ndiyo inayoitwa DLP. Mashine ya ofisini yenye nukta 1024 kwa 768 ina vioo 786,432, vyote ndani ya kitu kidogo kuliko kisanduku cha kiberiti. Ukifikiri sana unachoka.

Cha tatu ni LED ya bluu. LED nyekundu na kijani zilikuwepo zamani, lakini bila bluu hupati mwanga mweupe. Wajapani watatu, Akasaki, Amano na Nakamura, walilitatua hilo, na mwaka 2014 wakapewa Nobeli ya fizikia. Bila wao hakuna taa yetu ya sola ya usiku, na hakuna projekta inayotumia umeme kidogo. Balbu ya zamani ya projekta inaishi saa elfu chache na ndani yake kuna zebaki. LED inaweza kwenda saa 20,000 na zaidi.

Sasa tuje kwenye mahesabu

Mwanga wa projekta unapimwa kwa lumeni. Lakini jicho halioni lumeni, linaona mwanga uliogawanywa kwenye ukubwa wa kitambaa. Ni kama ugali: sufuria ni ile ile, ukiongeza wageni kila mmoja anapata kidogo.

Mashine yetu ilipokuwa mpya iliandikwa lumeni 2,000. Balbu ikizeeka inabaki kama nusu, tuseme 1,000. Sisi tunaipiga kwenye shuka la upana wa mita 4 na urefu wa mita 3, yaani mita 12 za mraba. 1,000 gawa kwa 12 ni 83. Kwenye majumba ya sinema, mwanga unaotakiwa kufika kwenye kitambaa cheupe ni kama 150 kwa kila mita ya mraba. Ndiyo maana tunaona njano na giza.

Tukipunguza picha iwe upana wa mita 2.5, kimo chake kinakuwa karibu mita 1.9, eneo linakuwa mita za mraba 4.7. 1,000 gawa kwa 4.7 ni 213. Bila kutoa shilingi hata moja picha imeng'aa zaidi ya mara mbili na nusu! Na wa nyuma wataona? Kuna kanuni ya zamani ya walimu: mtu wa mwisho asikae mbali kuliko upana wa picha mara sita. Mita 2.5 mara sita ni mita 15. Zinatosha. Picha kubwa yenye giza ni sifa tu.

Tukaendelea kwenye umeme. Mashine yetu inakula wati 270. Filamu ya saa mbili ni 540. Betri yetu ya volti 12, saa za ampea 100, ina 1,200, lakini betri ya asidi ukiipitisha nusu unaiua, kwa hiyo tuna 600. Inveta nayo inakula yake, spika inakula yake. Kumbe ndiyo sababu filamu nyingi za kambi yetu hazina mwisho! Projekta ya LED ya wati 80 kwa saa hizo hizo mbili inatumia 160. Betri ile ile inabeba filamu mbili na spika juu.

Halafu kuna uongo wa dukani. Vile visanduku vidogo vinaandikwa lumeni 9,000. Jiulize kama Shinte: sanduku linatumia wati ngapi? Kama ni 60, LED nzuri inatoa kama lumeni 100 kwa wati, hizo ni 6,000 kabla mwanga haujapita kwenye LCD na lenzi, na humo ndani sehemu kubwa inapotea. Haiwezekani zitoke 9,000. Tafuta neno ANSI, ndicho kipimo chenye utaratibu. Visanduku vizuri vya bei ya kwetu vina ANSI mia chache tu. Neno lingine la kuangalia ni nukta halisi. "Inakubali 1080" maana yake inaipokea picha ya 1080 halafu inaipunguza. "Nukta halisi 1920 kwa 1080" ndiyo yenyewe.

Tumelinganisha njia tatu.

Ya kwanza, balbu mpya kwa mashine ya zamani. Fundi wa mjini ametutajia shilingi 180,000. Picha itarudi, lakini njaa ya umeme inabaki, na balbu za bandia ziko nyingi.

Ya pili, projekta ya ofisi iliyotumika, lumeni 3,000, kwa 450,000. Inang'aa hata chumba kikiwa na mwanga kidogo. Lakini inamaliza pesa zote, betri yetu haiiwezi vizuri, na balbu ikifa tunarudi hapa hapa.

Ya tatu, projekta mpya ya LED yenye ANSI 400 na nukta halisi 1080, kwa 270,000. Kwa picha ya upana wa mita 2, eneo ni mita 2.25, tunapata karibu 178. Inapita kiwango cha sinema. Lakini inataka giza kamili.

Hapo kwenye giza dada zetu walitushika, na walikuwa sahihi. Walisema: "Ninyi mnahesabu wati, nani anahesabu njia ya kurudi nyumbani?" Usiku wasichana wengi hawaruhusiwi kutoka, na wakitoka wanaogopa. Kwa miaka yote sinema ya usiku imekuwa sinema ya wavulana. Mtu angesema basi tununue ile kali ya ofisini ili tuonyeshe saa kumi jioni. Lakini tulijaribu kitu kingine. Tuliziba madirisha ya chumba kimoja cha darasa kwa blanketi mchana kweupe, tukakaa ndani. Ulikuwa usiku. Kitambaa cheusi cha madirisha sita ni bei ndogo sana kuliko tofauti ya mashine hizi mbili. Tutaonyesha kwa zamu, watu 50 kwa 50, na zamu ya saa tisa ni ya wasichana na wamama.

Mapendekezo yetu

Tunapendekeza njia ya tatu. Projekta 270,000, ijaribiwe gizani mbele yetu kabla ya pesa kutoka. Skrini ya ubao uliopakwa rangi nyeupe isiyong'aa, pamoja na kitambaa cheusi cha nyuma, pembeni na madirishani, na nyaya salama, 60,000. Shuka linapitisha mwanga nyuma, ubao unaurudisha sehemu kubwa kwa watu. Kutengeneza spika na kununua kipaza sauti, 30,000, kwa sababu tunataka watafsiri wetu wa Kirundi na Kibembe wakae mbele kama Lufufu. Jumla 360,000. Mashine ya zamani isitupwe. Ipunguzwe picha, ibaki ya mazoezi ya mafundi, na kila mwezi watu wawili wapya wafundishwe kuifungua na kusafisha chujio la vumbi. Na mashine ya balbu haizimwi kwa kuchomoa waya, feni iachwe imalize kuipooza.

Zinabaki 90,000. Mama, hizo ni jibu letu kwako. Ni mtaji wa sabuni: mafuta ya mawese na magadi. Pesa hizi zilitoka kwenye sabuni na hatutaki projekta iue mti ulioizaa. Mche wa kwanza wa kila awamu uende kwa wazee wasio na mtu. Hatusemi sinema ni muhimu kuliko sabuni. Tunasema filamu ya dakika 20 ya kipindupindu, kwa lugha ambayo bibi anaielewa, na kipande cha sabuni mlangoni wakati wa kutoka, vinafanya kazi moja.

Pendekezo la mwisho halina bei. Filamu zichaguliwe na kamati ya watu sita, watatu wanawake, na ibadilishwe kila miezi mitatu. Miaka mingi waliochagua picha tuone nini hawakukaa chini pamoja na sisi. Tukipata taa yetu halafu vijana wanne wenye nguvu wakaishika peke yao, tutakuwa tumebadilisha tu mwenye lori.

Kura ni Jumamosi saa nane mchana, chumba cha darasa la mwisho. Madirisha yatakuwa yamezibwa ili kila mtu apime giza mwenyewe, na mashine ya zamani itakuwa mezani imefunguliwa. Ingia ndani uikague.